Mkate Alionyimwa Habimana

Brooklyn Center, 14 Januari 2024

Mchungaji Bagalwa,

Bwana asifiwe. Nakusalimu kwa sababu barua isiyo na salamu ni matusi, na matusi nimeyaweka chini kidogo, utayakuta. U mzima? Mke wako na watoto hawajambo? Huko kwenu Champlin theluji imewaachia mlango? Sisi hapa tunapumua. Mjukuu wangu Yves ameota jino. Mama yake, binti yangu Reine, ni mzima. Mimi nimerudi kazini Crystal, kwenye nyumba ya wazee, nawageuza vitandani baba za watu wengine.

Namba yako nimeifunga kwenye simu yangu, usijisumbue kupiga. Kwenye simu hukosi la kujibu, unaniita mama, mama, mpaka nasahau nilichotaka kusema. Karatasi hainiiti mama. Ukitaka kunijibu, andika na wewe.

Nataka tuelewane juu ya ulichofanya nyumbani kwangu, usije kusema baadaye kwamba ulisahau. Mume wangu Habimana alikuwa mzee wa kanisa. Reine alipopata mimba bila ndoa, ulifuata, huku huku Marekani, desturi ya kanisa letu kule Kongo: ukamtenga msichana, ukatutenga na sisi wazazi. Tukahamia benchi la nyuma, hakuna kukaribia meza ya Bwana. Habimana hakubisha. Aliniambia, "Mama Reine, ni sheria, itapita." Kisha ini likamwangusha. Daktari alipotuambia tumchukue nyumbani akapumzike, Habimana akaomba kitu kimoja tu, chakula cha Bwana.

Ukaja na kile kisanduku chako cha fedha. Ndani mlikuwa na mkate nilioupika mimi, maana hata baada ya kunitenga hamkuacha kula mkate wa mikono yangu. Ukafungua kisanduku, Habimana akafungua kinywa. Ndipo ukamuuliza kama yuko tayari kusimama mbele ya kanisa atubu. Mtu asiyeweza hata kukaa unamwambia asimame. Akatikisa kichwa kwamba hawezi, ukafunga kisanduku. Ukanigeukia mimi, ukasema kanisa letu lina jina la Askofu Melito, na Melito aliwanyima mkate hata watoto wa mfalme, sembuse sisi. Habimana alifariki asubuhi iliyofuata. Kinywa hakukifunga, nilikifunga mimi.

Nakuchukia, Bagalwa. Nilikupokea kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mama yako alipozikwa, nikakuosha, nikakugawia unga wa wanangu, na leo nakuchukia, sitafuti neno laini zaidi. Huyo Melito wako alifukuzwa, na wewe nitakufukuzisha. Kuna njia moja tu ya kunizuia. Simama madhabahuni siku ya Jumapili, taja jina la Habimana, sema mbele ya watu kwamba ulimkosea. Ukifanya hivyo nitanyamaza.

Aliyekuwa mama yako,
Perpétue


Champlin, 22 Januari 2024

Kwako Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo katika jina la Bwana. Sisi huku hatujambo, baridi tu. Natumaini mgongo wako umepata nafuu, maana kazi ya kuinua wazee ni ngumu kwa umri wako. Wanangu wanauliza bibi yao atakuja lini.

Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nikakaa nikaisoma tena. Sitabishana na uchungu wako. Baba Habimana alikuwa baba yangu pia, na hakuna siku niliyotembea nikiwa mzito kama siku niliyotoka chumbani kwake. Lakini nisikilize. Wako wengine niliowatenga. Ningempa yeye kwa kuwa ni baba yangu, ningewaambia nini hao? Wangesema Bagalwa ana mkate wa ndugu na mkate wa watu baki. Na aliyenifundisha kwamba meza ile haichezewi ni wewe mwenyewe. Kule kambini ulinirudisha nje kwa sababu nilikuwa nimegombana na mwenzangu sijapatana naye.

Kuhusu Askofu Melito, Wazungu waliolijenga kanisa hili na kutukaribisha ndani yake walimpenda kwa uthabiti wake. Alitumwa kutoka Roma zamani sana kwenda kwa Wasaksoni, watu walioabudu sanamu, akawa askofu wa London. Mfalme Saberti aliamini. Alipokufa, wanawe waliingia kanisani wakamkuta Melito anagawa mkate. Wakamuuliza kwa nini hawapi ule mkate mweupe aliokuwa akimpa baba yao. Akawakatalia, nao wakamtoa nchini. Nikihesabiwa pamoja na mtu wa namna hiyo, hata nikifukuzwa sitalalamika.

Kurudi kwako mezani ni rahisi. Simama na Reine Jumapili moja, sema maneno machache, yameisha. Pia, Mama, nakuomba usiache kutuokea. Tulinunua ule wa dukani, waumini wanasema wanatafuna karatasi.

Mwanao,
Bagalwa


Brooklyn Center, 13 Februari 2024

Mchungaji Bagalwa,

Salamu. Mgongo wangu u mzima, hongera kwa kuukumbuka. Wasalimu watoto, wao hawana kosa.

Nimemwambia Reine anitafutie habari za huyo askofu, akanisomea yote tukiwa jikoni, yeye akigeuza Kiingereza, mimi nikichambua sombe, majani ya muhogo. Bagalwa, ulitusomea nusu. Wale watoto wa mfalme hawakuwa wamebatizwa. Askofu hakuwafukuza mezani. Aliwaambia waende kwanza wakaoshwe kwenye maji aliyooshwa baba yao, naye atawapa mkate. Wao ndio waliokataa maji, wakasema hawana shida nayo, wanataka mkate tu. Sasa niambie, Habimana alikataa maji gani? Alibatizwa Kalehe, kwetu Kongo, wewe hujazaliwa. Ndiye aliyesimama nyuma yako, mkono begani, siku askofu alipokuwekea mikono. Melito aliwaonyesha vijana mlango wakakataa kuingia. Wewe ulimfungia mlango mtu aliyekuwa ndani tangu zamani.

Na kuna sehemu nyingine hukutuhubiria. Melito alikimbia akavuka bahari. Mambo yalipotulia akaitwa arudi. Watu wa London walikataa kumpokea. Yaani hata baada ya wale watoto wa mfalme kufa, watu wenyewe walisema huyu hatumtaki. Hiyo niliipenda. Nilimwambia Reine anisomee mara mbili.

Bado nakupa nafasi, taja jina lake. Usipolitaja, shauri yako.

Mkate nitaoka. Usinunue karatasi kwa ajili ya Pasaka. Watu watakuwa wengi, na mimi nitapika mwingi.

Aliyekuwa mama yako,
Perpétue


Champlin, 10 Machi 2024

Kwako Mama,

Salamu za Kwaresima. Sote wazima, isipokuwa mdogo ana mafua.

Umenifurahisha mno kukubali kuoka. Nilimwambia mke wangu, moyo wa Mama umeanza kulainika. Nasikia pia kwamba akina mama mnakutana kila Jumamosi kwa Philister, na mumewe Harrison Wanjala, mzee wetu wa kanisa, ameniambia mnapanga mapambo ya Pasaka. Alisema akiingia mnanyamaza ili asiharibu zawadi ya kushtukiza. Mungu awabariki.

Habari za Melito nimezipitia tena. Yako mambo ya kujadili, tutakaa siku moja. Lakini jina la Baba siwezi kulipeleka madhabahuni. Pale si mahali pa mambo ya nyumbani, na mchungaji akianza kujikana mbele ya watu, hataongoza tena hata wimbo.

Mwanao,
Bagalwa


Champlin, 3 Aprili 2024

Mama,

Nakusalimu. Hujambo? Mimi sauti haijarudi vizuri, koo bado linauma.

Nakuandikia yaliyotokea siku ya Pasaka kama nilivyoyaona mimi, maana uliondoka kabla ya mwisho. Kanisa lilijaa mpaka mlangoni. Sahani uliyoleta ilikuwa nzito, nikaubariki mkate wote kwa kuwa niliona watu ni wengi. Nikala mimi kwanza, nikageuka, nikasema karibuni. Hakuna aliyeinuka. Nilidhani hawajasikia, nikarudia. Wanjala akaanza kunyanyuka, nikaona Philister amemshika koti, akakaa. Wanaume wengine walikuwa wanatazama viatu vyao.

Ndipo ukasimama wewe kwenye benchi la nyuma. Ukasema, "Mchungaji, wewe hutufundisha mwenye ugomvi na mwenzake asikaribie meza. Sisi wote tuna ugomvi na wewe, juu ya mzee Habimana. Tunafuata sheria." Ukakaa.

Unaijua ile sheria nyingine, ndiyo maana ulioka mwingi. Mkate ukishabarikiwa hautupwi, haurudi nyumbani. Unaliwa palepale kabla watu hawajatoka, na mchungaji pamoja na wale atakaowaita. Nilikuwa sina wa kumwita. Nikaanza kula. Mkate usio na chachu ni mkavu, Mama, na ulikuwa umeukausha kuliko siku zote. Watoto wakacheka, wakanyamazishwa. Niliona haya kunywa divai kama mtu mwenye kiu ya maji. Nikakabwa, nikakohoa, nikaendelea. Sahani haikuonyesha kupungua.

Nilipoinua macho Reine alikuwa mbele yangu, amempakata Yves. Akanyoosha kiganja. Akasema, "Pasta, nipe na mimi, nita-help." Basi nikampa. Nyuma yake wakaja wengine niliokuwa nimewatenga, wote, nikawapa. Kisha akina mama wakaanza kulia wakaja, wanaume wakawafuata. Tuliimba mpaka Wazungu wa ibada ya saa sita wakaja kusimama mlangoni wakapiga makofi. Askofu wetu amesikia, amenipigia simu kunipongeza. Watu wanasema hawajaona Pasaka kama ile tangu waje Marekani.

Naamini sasa yamekwisha. Njoo Jumapili, Mama. Meza iko wazi kwako.

Mwanao,
Bagalwa


Brooklyn Center, 7 Aprili 2024

Bagalwa,

Leo sina salamu.

Nilioka ule mkate ili ukukabe. Neno hilo naliandika na sitalifuta. Nilitaka ule peke yako mpaka watu wachoke kukutazama, uvue kanzu uende. Na unajua nini? Ungeendelea kula peke yako, ungemkatalia Reine kwa kinywa kilichojaa, ningerudi nyumbani nimekasirika lakini nina jambo moja la kushika. Ningesema, Bagalwa ni mgumu, lakini ni mkweli. Sheria ilimshinda kwa Habimana, imemshinda na kwa Reine, hakuwa na namna.

Sasa umenipokonya hata hilo. Reine hakutubu. Hukumuuliza kama yuko tayari kusimama mbele ya kanisa. Alinyoosha mkono, ukampa. Kumbe inawezekana. Kumbe mkono wako unajua njia. Msichana aliyefanya kosa amekula, na mtoto wa kosa lenyewe amepakatwa palepale, na baba aliyetengwa kwa ajili yao amezikwa hajala.

Nimetafuta tofauti iko wapi kati ya siku ile na hii, nimeiona bila shida. Siku ya Pasaka kanisa zima lilikuwa linakutazama na wewe ulikuwa umechoka kutafuna. Siku ya Habimana tulikuwepo mimi na yeye tu, hatukuwa watu wa kukutia haya.

Niliondoka kwa sababu walianza kuimba. Akina mama niliowapanga mwenyewe walikuwa wanakukumbatia. Philister alinipigia simu jioni, anasema, "Mama Reine, tumeshinda, mbona umetoka?" Nilimkatia simu. Barua yako ndefu, umetaja divai, umetaja makofi ya Wazungu, umetaja pongezi za askofu. Jina la Habimana umelitaja kwa kunukuu maneno yangu tu.

Perpétue


Champlin, 20 Mei 2024

Mama,

Niruhusu niendelee kukuita hivyo mpaka utakaponikataza kabisa. Natumaini wewe, Reine na Yves hamjambo. Mimi silali vizuri.

Nimeandika majibu mengi nikayachana, kwa sababu kila moja lilikuwa linajitetea. Ulichosema ni kweli. Nilimpa Reine kwa aibu. Sikuwaza sheria wala Melito, niliwaza wanaonitazama. Na kwa Baba niliwaza vilevile, niliwaza watakaosema nimependelea. Jumapili iliyopita nilikusudia kulitaja jina lake. Nilishika madhabahu, nikafungua kinywa. Nikatangaza wimbo.

Tangu Pasaka nikimwekea mtu yeyote mkate namwona Baba amefungua kinywa. Mke wangu anasema nimeanza kufanya haraka, kama mtu anayegawa karata. Siwezi kuendelea hapa. Nimemwomba askofu anihamishie Des Moines, kuna ndugu zetu Wakongo wanaoanza kukusanyika. Amekubali, ila anataka barua ya Umoja wa Akina Mama kwamba mmeniachia kwa amani. Najua wamekurudisha kwenye uenyekiti uliovuliwa nilipokutenga. Ni sahihi yako tu inayosubiriwa.

Mwanzoni ulisema utanifukuzisha. Basi umeshinda, naondoka. Sitarudi kugonga kama Melito alivyogonga London. Nakuomba uweke sahihi.

Mwanao,
Bagalwa


Brooklyn Center, 2 Juni 2024

Mwanangu Bagalwa,

Bwana asifiwe sana. U mzima? Usingizi umepata? Nimemtuma Philister akuletee majani ya mchaichai, mkeo akuchemshie kabla ya kulala. Wabusu watoto, waambie bibi atakuja wiki hii na maandazi. Sisi huku hatujambo kabisa. Yves anasimama akishika kiti.

Sahihi sikuweka. Nimemwandikia askofu kwa niaba ya akina mama wote kwamba mchungaji wetu tunampenda, hatumwachii, asubiri kwanza miaka kadhaa. Wote walipiga vigelegele nilipowasomea, wao hawajui kitu. Wanjala alisema, "Unaona, mama amesamehe." Nikamwacha aseme.

Sijasamehe, usije kukosea ukafurahi. Ni kweli nilitaka ufukuzwe. Lakini nimekaa na habari za yule askofu nikaona kufukuzwa kwake kulikuwa na nafuu. Alipanda chombo akavuka bahari, ng'ambo akakuta watu wasiojua lolote. Na wewe unaitaka Des Moines kwa sababu hiyohiyo. Huko utagawa mkate na hakuna atakayekukumbusha mtu. Utapona, Bagalwa. Mimi sitaki upone kabla yangu.

Kwa hiyo utabaki hapo hapo. Na mimi nitakubali mwaliko wako, nitakuja mezani. Nitakuja Jumapili hii, na ijayo, na zote, theluji ije isije. Nitatoka benchi la nyuma nije mbele yako, nifungue kiganja. Usiniulize kama nimetubu, hukumuuliza Reine. Utanipa kwa sababu unaweza, sote wawili tunajua kwamba unaweza.

Jina lake sikulazimishi tena kulitaja kwa watu. Nitalitaja mimi. Ukishaniwekea mkate na kumaliza maneno yako, mahali ambapo wengine wanaitikia amina, mimi nitasema, "Habimana." Nitasema polepole, usikie wewe peke yako. Kisha nitakula, nitarudi kukaa, na wewe utamgeukia anayefuata.

Mama yako,
Perpétue